Turudishieni Makena, Kiti Chenu Kalieni Wenyewe

Bladensburg, Maryland,
karibu na mto Anacostia.
Mwezi wa tano.

Kwa Mheshimiwa Meya Audrey,
Baraza la Mji wa Oxmarsh,
kando ya mto Wend, Uingereza.

KUH: MJUKUU WANGU MLIYEMFANYA DIWANI BILA KUNIULIZA

Mheshimiwa Meya, mwanamke mwenzangu,

Nakusalimu kwa heshima yote inayoustahili ule mkufu wa umeya unaouvaa shingoni. Natumai goti lako la kushoto limepata nafuu, maana kwenye mkutano uliopita nilikuona katika televisheni ukiinuka kwa kushika meza. Likande kwa maji ya moto kabla ya kulala na usimwambie daktari.

Mimi ni Karambu, nyanya yake Makena, yule nesi mliyemweka kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha. Sikuingia darasani hata siku moja. Herufi nilizijulia kanisani, nikifuata kwa kidole nyimbo ambazo nilikuwa tayari nimezikariri, kwa hiyo nikiandika kama mtu anayeimba, nivumilie. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua hukijui. Najua pia kwamba katika mji wako mzima anayekijua ni mmoja tu, na kwamba desturi yenu ni kila barua iliyoletwa barazani isomwe mbele ya watu. Niliwaona mkiisoma hata ile ya bwana mmoja anayekuja mikutanoni na mbwa wake. Basi Makena atasimama, atanisoma kwa sauti kutoka mwanzo, na hataweza kunikatia simu akisingizia mtandao.

Makena, soma polepole. Usiruke.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, halafu ndipo nihesabu malalamiko.

Huyu mtoto nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alituacha Makena akiwa hajaota jino. Nilimbeba mgongoni nikichuma kahawa mpaka mgongo ukamzoea, na alipoanza kutembea nilikuwa najikuta nimeinama bure. Aliposomea unesi akaja kwenu kutunza wazee, na mimi mwanangu Nehemiah akanileta huku Maryland. Tulikubaliana vizuri kabisa: Makena afanye kazi kwenu huku akingojea karatasi za Marekani, na zikitoka, aje tukae pamoja. Tumengoja miaka, Mheshimiwa. Nimengoja mpaka nikapewa pasipoti ya hapa mimi mwenyewe. Sasa karatasi zimetoka. Viza imebandikwa kwenye pasipoti yake. Hospitali moja huko Gaithersburg inamngojea. Kitanda nimekitandika kwa shuka zile za maua ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzilalia. Na viza hiyo inakufa mwisho wa mwezi wa sita. Ikishakufa ni kurudi nyuma ya foleni, na mimi kwa umri huu si mtu wa kuambiwa habari za foleni.

Nikampigia simu kumuuliza anashuka lini, Nehemiah aende kumpokea. Akaniambia, "Nyanya, ngoja kwanza mkutano wa mfereji. Ni mwezi wa saba." Nikamuuliza mfereji gani tena. Ndipo nikaambiwa kwamba yeye ni diwani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlimchukua bila kubisha hodi.

Kwetu Meru mtoto wa watu hapewi uongozi kienyeji. Wazee wanakuja nyumbani kwao na asali. Wanakaa. Wanasema, tumemwona mtoto wenu, tunamwomba. Nasi tunawakatalia kidogo, si kwa ubaya, ni ili wajue wameomba kitu. Kisha tunakubali na watu wanakula. Nyinyi mlifanya nini? Msichana aliingia barazani jioni moja na gambuti zake, akaketi kwenye viti vya wananchi, akauliza swali moja: ni nani anayezibua mfereji wa Malthouse Lane? Maana maji yameingia kwa Mzee Ferdinand, na yeye Makena humwogesha mzee huyo asubuhi akiwa amesimama majini. Mkamjibu kwa upole kwamba mfereji si kazi ya baraza lenu. Halafu, bila hata kupumua, mkamwambia kwamba kuna kiti kiko wazi tangu bwana fulani ahamie kwa binti yake, hakuna mtu mjini aliyekitaka, je, yeye angekipenda? Mkainua mikono. Ikaisha. Nimeiona vidio yake, chai mezani ilikuwa bado inatoa moshi.

Mheshimiwa, hata mbuzi wa sokoni huulizwa kwao ni wapi.

2. Mji wenu umekaa vibaya.

Huu mto Wend unakuja kwa adabu zake kutoka huko unakotoka. Ukifika kwenu unauzunguka mji pande tatu, kama mtu anayetafuta mlango. Juu kwenye kilima mmeweka kanisa, benki iliyogeuka kuwa duka la keki, na maduka ya kuuza nguo za marehemu. Chini, mahali ambapo maji yanapajua tangu uumbaji, mmeweka wazee. Sikusoma, lakini nimefuga kuku, na sijawahi kuwa na kuku aliyetaga kwenye mkondo wa maji.

Daraja ndilo lililonimaliza. Katikati yake kuna jiwe. Upande huu ni kaunti yenu, upande ule ni kaunti ya wengine. Barafu ikianguka, lori la chumvi la kaunti yenu linakuja likimwaga chumvi ya kuiyeyusha mpaka kwenye jiwe, linageuka, linarudi nyumbani. La wale wengine linakuja siku likijisikia. Makena ana mgonjwa ng'ambo. Nusu ya daraja anatembea kama binadamu, nusu ya pili anatembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

Nisije nikasema huku ni peponi. Manassas, si mbali na hapa, ni mji uliozungukwa na kaunti pande zote na bado hauko ndani ya kaunti hiyo. Nilimuuliza Nehemiah mara nyingi nikidhani ananitania. Hapa jirani kuna mji mkuu wa taifa lenye nguvu zote hizi, wenyeji wake wanalipa kodi, na mtu wao bungeni haruhusiwi kupiga kura ya kupitisha sheria. Na Anacostia yetu zamani ilipokea meli za baharini, hapa hapa Bladensburg, mpaka ikajaa tope na meli zikaacha kuja. Siku hizi tuna bustani nzuri na mitumbwi ya kukodi. Kwa hiyo nikizungumza habari za mto na tope na serikali, usinione mgeni.

3. Mfereji mmoja una serikali nne na hauna koleo.

Nilimwomba Leokadia anieleze. Leokadia ni jirani yangu, mlango unaotazamana na wangu, Mtanzania, na Kiingereza anakijua mpaka kile cha mahakamani. Mikutano yenu tunaitazama pamoja kwenye televisheni, maana kwenu ikiwa jioni kwetu ni mchana, na mimi huwa nachambua mboga. Akaniambia, "Bibi, halmashauri ya mji ni ya maua, mabenchi, makaburi na kile choo cha mtoni. Wilaya ni ya takataka na vibali vya ujenzi. Kaunti ni ya barabara na mifereji yake. Mto wenyewe ni wa serikali kuu." Nikamuuliza: haya, maji yakitoka mtoni, yakapanda mferejini, yakavuka barabara, yakaingia kwa Mzee Ferdinand na pipa la takataka likielea juu yake, hayo sasa ni ya nani? Leokadia akanisogezea kikombe. Kisha akasema, "Bibi, niongeze chai."

Nimewatazama tangu majira ya baridi. Mnaandika barua kwa wilaya, wilaya inawashukuru kwa barua. Kaunti inasema imepokea na inalitazama jambo. Watu wa mto wanasema kingo za mto ziko sawa, tatizo linaanzia nje ya kingo. Kila mmoja ana adabu! Sijawahi kuona watu wakikataa kazi kwa heshima namna hiyo. Kwetu chifu akikataa anakufukuza, nawe unajua umefukuzwa, unatafuta njia nyingine. Nyinyi mnamkatalia mtu mpaka anatoka akisema asante.

4. Mnachapa mawe.

Mwezi huu mmezunguka mpaka wa mji mkiwa na fimbo, mkichapa kila jiwe la mpaka, ati ili mpaka usisahaulike. Sina ugomvi na desturi ya mtu. Lakini mpaka wenu unapita ndani ya jiko la mwoka mikate, kisha unashuka katikati ya mto, na mtoni nako kuna jiwe la kuchapwa. Nani aliingia? Madiwani wanaume wote waliangalia viatu vyao. Makena akaingia. Nimeiona picha: maji kifuani, fimbo juu, anacheka na meno yote.

Cheko hilo sijaliona tangu alipokuwa mtoto wa kukimbiza vifaranga. Na hilo pia ni lalamiko. Mnampa furaha ambayo haikuwa kwenye mipango yetu.

5. Mmeniaibisha mbele ya kanisa.

Hapa nitasema kwa kirefu, Mheshimiwa, vumilia goti.

Nilipoambiwa ni diwani, nilikasirika siku moja. Siku ya pili nilianza kujisikia mrefu. Kwetu diwani ni mtu. Ana gari, ana dereva, ana kijana wa kumshikia simu. Akipita sokoni kina mama wanaacha kupima maharagwe. Jumapili ikafika, tukaenda Gaithersburg kwenye ibada ya Kiswahili, na wakati wa matangazo nikainua mkono. Nikasema Bwana asifiwe, mjukuu wangu Makena ni diwani huko Uingereza. Nakuambia paa liliinuka. Leokadia, ambaye ni Mkatoliki na alikuja kunisindikiza tu, alipiga vigelegele hadi watoto wa Kimarekani wakaziba masikio.

Siku hiyo hiyo jioni walikuja kunipongeza. Walijaa sebuleni, wakajaa jikoni, wengine wakakaa kwenye ngazi za jengo na soda zao. Simiyu, mwenye lori la kokoto huko Manassas, alinivuta pembeni. "Shosho, nimesikia kuna mfereji. Tenda imeshatoka?" Nikamwambia mfereji uko ng'ambo ya bahari, Simiyu. Akasema, "Kokoto ni kokoto." Mchungaji akataka Mheshimiwa Makena awe mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa. Mama mmoja ambaye simjui aliniletea picha ya mwanawe anayetafuta kazi ya ulinzi, akaniuliza Mheshimiwa ana walinzi wangapi.

Nikampigia Makena mbele yao wote, simu ikiwa imefunguliwa sauti. Nikamuuliza, mwanangu, wamekupa nini? Akacheka. Akasema, "Nyanya, hakuna mshahara. Nimepewa mfuko wa kubebea karatasi na ufunguo." Kabla hajamaliza nikafunga simu, maana nilimsikia akianza kusema ufunguo wa nini, na mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba ni wa choo cha mtoni. Nikawageukia watu. Nikasema, amekabidhiwa ufunguo. Simiyu akaruka juu: "Ufunguo wa mji!" Wakapiga makofi. Nifanye nini? Nikapakua wali.

Tangu siku hiyo naitwa Nyanya Mheshimiwa. Nikienda duka la Waafrika kununua unga, nasimamishwa. Juzi nilipewa faili la mgogoro wa shamba lililoko Kitale. Leokadia anapita mlangoni pangu akiniamkia kwa saluti, kisha anacheka hadi anashika ukuta, kwa sababu yeye anajua ufunguo ni wa nini. "Shikamoo Bibi Mheshimiwa! Choo kimefunguliwa?" Huyo ndiye rafiki niliye naye.

Sasa nani atawaambia hawa watu wote kwamba diwani wenu analipia gambuti zake mwenyewe? Mji wenu umefanya jambo ambalo halijafanyika mahali popote ninapopajua: mmempa mtu cheo bila kumpa chochote cha kuringia. Hiyo si serikali, Mheshimiwa. Hiyo ni kuosha vyombo kanisani.

6. Lilikuwepo la sita na lilikuwa zito. Nimelisahau nikigeuza maharagwe. Nikilikumbuka nitaliandika mwishoni.

7. Benchi.

Mna benchi moja mmelinunua, liko stoo limefunikwa turubai, na tangu nianze kuwatazama hamjakubaliana liwekwe likitazama wapi. Wengine wanataka litazame mto. Wengine wanataka litazame barabara, ili anayekaa aone basi likija. Yule bwana wa mbwa anataka lisiwekwe kabisa. Mmepiga kura, mmerudia kura, mmeunda kamati ndogo, kamati ndogo imekwenda kuutazama mto ili kuhakikisha upo. Makena alisema liwekwe pale juu ya Malthouse Lane, penye mteremko, ili wazee wakitoka dukani wapumzike kabla ya kushuka, na litazame mto, kwa sababu ukikaa hapo unaona maji yakianza kupanda. Maneno mawili tu yenye akili. Mkasema ni wazo zuri, mtaliweka kwenye ajenda.

Ninyi ndio mnaoniibia mjukuu, watu wa kuweka kwenye ajenda.

Sasa nafika kwenye ombi langu.

Mheshimiwa, nimeyapanga haya usiku na mchana na sioni tundu. Baraza lako limesema mfereji si wake. Wilaya imesema si wake. Kaunti inalitazama jambo. Watu wa mto wamesema uko nje ya kingo. Kwa hiyo katika Uingereza yote mtu anayeuingia mfereji ule ni Makena peke yake, akiwa na gambuti alizojinunulia. Basi mfereji ni wa Makena. Makena ni wangu, nimeshaeleza juu ya mgongo. Basi mfereji ni wangu. Mwenye mfereji hana budi kuwa na mahali pa kusimama akiuzibua, kwa hiyo Malthouse Lane yote ni yangu pia. Na kwa kuwa mji mzima, kanisa, duka la keki na nguo za marehemu, unamwaga maji yake ya mvua kwenye mfereji wangu bila kuniuliza, ninyi nyote ni wapangaji wangu.

Nikiwa mwenye mji, natoa amri hizi.

Amri ya kwanza, Makena aachiliwe kabla viza haijafa. Muinue mikono kama mlivyoinua siku ile. Mnajua kuifanya haraka mkitaka.

Amri ya pili, wewe mwenyewe, Mheshimiwa, na mkufu wako, ushuke mferejini na koleo. Goti likikataa, shusha diwani mwingine na wewe ukae kwenye kiti ukimwelekeza. Mwenye mkufu akionekana chini kule, kaunti itafika kabla hujalowa, maana watataka kuwa kwenye picha.

Amri ya tatu, baada ya hapo baraza zima lije Bladensburg na asali kuniomba radhi kwa utaratibu. Wanawake mtalala kwangu. Wanaume watalala kwa Simiyu, na nawaonya mapema kwamba atazungumza kokoto.

Na msipotii, basi mji wa Oxmarsh uhamishwe uje huku, uwe mtaa wa Bladensburg. Nimemweleza Nehemiah, akasema haiwezekani kwa sababu ya bahari. Nikamwambia, Nehemiah, kama daraja moja linaweza kuwa kaunti mbili, na Manassas ikawa ndani ikiwa nje, usiniletee mimi habari za bahari. Akaenda kulala.

Nafunga kwa kukutakia mwaka mwema wa mkufu. Nisalimie karani wenu yule anayekohoa kabla ya kusoma majina, ale tangawizi. Nisalimie bwana wa mbwa, na mbwa. Nisalimie mwoka mikate ambaye mpaka unapita jikoni kwake, na hao ndege weupe wenye shingo ndefu wanaotembea barabarani kama wana hati ya kiwanja. Mzee Ferdinand msalimie kwa mikono miwili. Mwambie nyanya wa yule binti wa gambuti anauliza kama nyayo zake zimekauka, na kwamba asivae soksi mbichi.

Ni mimi, kwa heshima na kwa hasira, na heshima imezidi kidogo,

Karambu, nyanya yake Makena, mwenye mfereji.

Tanbihi. Makena, hapa nyamaza. Haya usiwatafsirie. Jifanye ni salamu za ukoo, wataamini, wameshaona tulivyo na salamu nyingi.

Nehemiah ameniambia kwamba barua ya kujiuzulu umeshaiandika na unatembea nayo kwenye mfuko ule waliokupa. Ameniambia na ulilosema: "Nyanya akisema rudi, narudi." Ndiyo maana sijasema. Nimezunguka kurasa zote hizi nikimwomba mwanamke wa watu akufukuze, ili neno lisitoke kinywani mwangu. Sasa nimeisoma tena barua yangu, na nimeona kuna mahali nimekosea. Ni kuanzia juu mpaka kwenye jina.

Mkutano wa mwisho niliutazama peke yangu, Leokadia alikuwa zamu. Ulisimama kuwaeleza habari za maji ya Malthouse Lane. Sikuelewa maneno yote. Lakini kulikuwa na mtu wa kaunti kwenye viti vya nyuma, na yule wa mto, na wa wilaya, uliowaita kuja kusikiliza, na ulipofika pale pa Mzee Ferdinand kukaa kitandani na miguu juu akingojea mtu, yule wa kaunti alitoa kalamu. Akaandika ulichosema. Makena, mimi nimesema maneno mengi katika maisha yangu. Nimemwambia chifu, nimemwambia karani wa kahawa. Nilimwambia daktari wa mama yako, nikamweleza vizuri kabisa jinsi alivyolala, jinsi anavyopumua, tangu saa ngapi. Hakuna aliyewahi kutoa kalamu.

Kwa hiyo ile karatasi ya mfukoni ichane. Mwezi wa saba hao wote watakaa meza moja, na wewe usipokuwepo watashukuriana na kwenda nyumbani. Viza iache ife. Foleni nitaisimamia mimi kwa kukaa. Nehemiah ameshanikatia tiketi, nitashuka wiki moja kabla ya mkutano wako na nitakaa viti vya wananchi, na nikiona mtu anaweka kitu kwenye ajenda nitakohoa. Shuka za maua nimezitandua, nakuja nazo. Unga pia. Huku nitawaambia mheshimiwa ameniita. Leokadia nimemwachia cheo.

Na lile la sita nimelikumbuka. Ni picha ya hilo benchi lenu la stoo. Mmenunua benchi lenye chuma katikati, kinachomtenga mtu na mwenzake, kana kwamba wanaokaa hapo wamegombana. Lisiwekwe hivyo. Hicho chuma kikatwe kabla sijafika, ili watu wawili waweze kukaa wakigusana mabega na kuutazama mto. Mmoja wao mgongo wake si mzuri, ataegemea.

Hilo, Makena, watafsirie.